Parachuti Isiyo na Tundu

Jumatatu, 4 Machi

Mama ameamua. Roketi ya marehemu Baba itarushwa Jumamosi, kwenye uwanja wa shule aliyofundisha. Baba aliijenga kwa mrija wa karatasi ngumu, akaipaka rangi nyekundu, akafariki kabla hajairusha. Ni hiyo moja tu. Mimi na Dada tufanye majaribio Alhamisi kwa roketi za mfano. Atakayeshusha yake salama ndiye atakayeirusha ya Baba, na itakaa kwake siku zote.

Dada atatumia utepe. Utepe! Karatasi laini ndefu, eti inapepea na kupunguza mwendo. Mimi ni fundi miavuli mwaka wa kumi na tisa huu. Nani ajuaye kitambaa na upepo kuliko mimi? Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka.

Jumanne, 5 Machi

Kitambaa kimepatikana! Chepesi, zambarau, madoa meupe. Ni cha mwavuli wa mwenye duka la dawa, ule mkubwa wa watu wawili, aliouleta nimbadilishie mpini. Alipopita kuuliza nikamwambia mpini unaagizwa kutoka mbali.

Nimekata duara, nikafunga nyuzi nane na kiazi, nikaachia kutoka dirisha la ghorofani. Kiazi kikayumba huku, kikayumba kule, kikagonga kioo cha jirani wa chini. Jirani akaniuliza kama niko sawa kichwani. Nikampigia Dada kumsimulia. Kosa kubwa! Akasema nikate tundu dogo katikati, hewa ipite, itatulia.

Tundu! Maisha yangu yote naziba matundu. Mkasi niliushika, naapa. Mkono ukagoma. Badala yake nimekipaka nta kitambaa chote, hewa ikose hata pa kupenyeza ukucha.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Alianza Dada. Roketi ikapanda, baruti ya ndani ikalipuka pah, kichwa kikachomoka, utepe ukatoka unapepea. Ikatua kwenye majani bila mkwaruzo. Mama akapiga makofi.

Yangu ilipanda juu kuliko yake. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Pah! Kikatoka kidonge. Joto la baruti lilikuwa limeyeyusha nta, parachuti imegandamana, ngumu kama sabuni ya kipande. Roketi ikaja kichwa mbele ikajichimbia mpaka kwenye mapezi. Dada akauliza kama niliweka karatasi ya kuzuia moto. Niliweka. Akauliza kwa nini kunanuka mshumaa. Nikajifanya nafunga kiatu.

Mama akasema basi, ya Baba atairusha Dada. Alisema kwa upole, na ndiyo maana inauma. Baba alikuwa akiniita Fundi tangu nikiwa mdogo, kabla sijajua kushika hata sindano. Nilishaiandalia roketi nafasi dukani, rafu ya juu ya cherehani. Nimeifuta vumbi mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Sikubali.

Vipande vya zambarau vilivyobaki nimeviunga kwa cherehani. Duara kubwa kuliko la kwanza. Bila nta, mimi si mjinga. Nikaenda kwa Mama kumsalimia. Roketi ilikuwa mezani, Dada ameshaiandalia kila kitu. Mama alipoingia jikoni nikachomoa kichwa, nikatoa utepe wake, nikaweka parachuti yangu, nikarudisha kichwa. Utepe ninao mfukoni. Kesho ikishuka taratibu mbele ya watu wote, nitautoa na kusema kweli. Mama atanikumbatia. Nimeshajipangia na maneno.

Jumamosi, 9 Machi

Dada alimpisha Mama abonyeze kitufe. Ikapanda mpaka ikawa nukta nyekundu. Pah! Zambarau ikafunguka angani. Jamani! Sijawahi kushona kitu kizuri namna ile. Dada akanigeukia polepole. Mwenye duka la dawa, ambaye Mama alimwalika bila kuniambia, akasema kwa mshangao kwamba kitambaa kile anakifahamu.

Tatizo haikushuka. Iliyumba huku, ikayumba kule, upepo ukaichukua, ikapita juu ya madarasa, ikanasa juu kabisa ya mnara wa tangi la maji. Mama alikuwa bado anaipungia mkono. Kisha akaniuliza mimi, si Dada, itashukaje. Nikasema nalifikiria. Dada akasema tundu la ukubwa wa sarafu lingeishusha pale pale uwanjani, halafu akashindwa kujizuia, akalia. Utepe sikuutoa mfukoni.

Mlinzi amesema ngazi ya mnara imefungwa, mwenye ufunguo amesafiri mpaka Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Na mrija ni wa karatasi. Mvua ikinyesha Baba ataloa. Nimeandika Baba. Nilitaka kuandika roketi.

Nimelia, sifichi. Nimekaa dukani, mlango nusu wazi, najiuliza nilikosea wapi hasa. Ndipo ikanijia. Ilikuwa ndogo! Parachuti kubwa zaidi ingevuka mnara bila hata kuugusa. Nikainua macho. Nyuma ya mlango umening'inia mwavuli mweusi, mpana, kitambaa cha zamani, siku hizi hakipatikani. Nikashika mkasi, na leo mkono haukugoma. Duara moja safi, nyuzi kumi na mbili.

Mvua imeanza saa tisa. Mama ameingia mbio, nguo zimemganda mwilini, anaomba ule mwavuli mweusi aliouleta mwezi jana nikaze mpini. Anataka akasimame chini ya mnara, asimwache mzee peke yake kwenye mvua.

Nimemwambia mpini unaagizwa kutoka mbali.

Amekaa kwenye kiti cha wateja, anatazama nje. Duara nimelikalia. Limetoka vizuri sana. Tundu sijakata.