Azimio la Bura Kuhusu Mabomu ya Nyuklia

Kwa niaba ya Kamati ya Bura ya Kukabiliana na Majaribio ya Nyuklia, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, Donald, natangaza rasmi kwamba dunia imepata suluhisho. Wakubwa wa mataifa wamehangaika miaka na mikaka. Sisi wanakijiji wa Bura tulihangaika asubuhi moja tu, tena na chai.

Adui mwenyewe ni nchi moja ya mbali inayojaribu mabomu yake chini ya ardhi. Silitaji jina lake kwa sababu za kidiplomasia. Nilipoitisha kikao kwenye ukumbi wa chifu, watu walijaa hadi madirishani, jambo lililonipa moyo sana.

Kabla sijamaliza salamu, Jedidah akasimama. Huyu ni mwalimu mstaafu, jirani yangu, na nyumba yake iko chini kidogo ya machimbo yangu ya mawe.

"Mwenyekiti, ukilipua baruti nyumba yangu inapasuka. Ufa wa chumbani sasa mkono unaingia. Siku moja ukuta utatuangukia, mimi na wajukuu."

"Pole sana, mwalimu, lakini hilo ni suala la ngazi ya kata. Hapa tunashughulikia ngazi ya kimataifa."

"Sawa. Hebu basi tuelimishe. Hao wa nyuklia, kosa lao ni nini hasa?"

Swali zuri! Nikajitanua. "Wanalipua bila kuwaambia majirani. Ardhi inatetemeka, watoto wanalia. Wakiulizwa, wanasema ni ardhi yao na hayo ni maendeleo. Wakaguzi wakija, wanafungiwa geti."

"Ala! Watu wabaya hao," Jedidah akasema, akaketi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Niliona wazi kwamba nimewagusa.

Tukapitisha azimio: anayetikisa ardhi bila ruhusa ya majirani awekewe vikwazo. Asiuziwe kitu, asisaidiwe, asitembelewe, mpaka afungue geti na kurekebisha alichoharibu. Festus, katibu wetu, alitaka tuandike jina la ile nchi. Nikamkatiza.

"Andika 'yeyote, popote alipo'. Tusionekane tuna ubaguzi."

"Popote, mwenyekiti? Una hakika?"

"Festus, usinirudishe nyuma."

Mikono yote ikainuka. Jedidah aliinua yote miwili.

Jumatatu vijana wangu wakalipua mwamba kama kawaida. Jumanne Immaculate, jirani mwenye ng'ombe, hakuleta maziwa. Nikamfuata hadi zizini. "Ni vikwazo, mwenyekiti," akaniambia kwa heshima zote, huku akiendelea kukamua. Mama anayewapikia vibarua kimanga cha mihogo na maharagwe akahamisha sufuria zake, na vibarua wakazifuata. Nikawafafanulia watu kwamba baruti yangu ni ya matumizi ya amani. Wakasema hata ile nchi husema hivyo hivyo.

Hayo ningeyavumilia, haki ya Mungu. Lakini Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Machakos kumposa binti yangu Sharon, na kwetu baba hapokei wakwe peke yake. Majirani ndio wanaopika, ndio wanaokaa naye na kumsemea. Mzee Kimanzi na ujumbe wake wakaketi hemani, wakatazama viti vitupu.

"Donald, majirani wako wapi?"

"Wako... kwenye mashauriano."

"Sisi hatuwezi kuoa kwa mtu asiye na majirani," akasema, akichukua kofia yake.

Sharon alikuwa analia. "Baba, nenda kwa mwalimu. Sasa hivi, kabla hawajaondoka!" Moyo uliniuma, sitaficha.

Nikaenda na suti yangu. Geti la machimbo nikamfungulia mwenyewe. Jedidah akakagua kila pembe, akichokoachokoa kwa mwavuli, kisha akafunga stoo ya baruti na kutia ufunguo kwenye mkoba wake mpaka majirani watakapokubaliana. Halafu akanipa mwiko wa fundi na ndoo ya saruji.

Kwa hiyo natoa wito kwa dunia nzima: fuateni mfano wa Bura. Azimio letu limefanya kazi vizuri, pengine kupita kiasi. Majirani wanapika, wakwe wamehamishia viti uani kwa mwalimu ili waone vizuri, na mimi niko chumbani kwake napiga plasta. Jedidah amekuja kukagua. Anaingiza mkono ukutani.

"Bado unaingia, mwenyekiti. Endelea."