Mashine Isiyodanganya

Jumatatu, 4 Machi
Nimeipata! Imelala chini ya kitanda, nimeiviringishia blanketi kama mtoto mchanga. Mashine ya kunusa sarafu ardhini. Ina kioo, ina hedifoni, na inataja namba: ishirini ni msumari, arobaini ni kizibo cha soda, themanini ni fedha halisi. Bingwa, muuza vifaa, ameapa kuwa haidanganyi. Nimemwamini. Mtu mwenye zulia dukani adanganye ili iweje?

Pesa sikuwa nazo, nimemwachia cherehani ya mke wangu. Rehani tu! Nisipoikomboa kufikia Jumamosi, anaiuza. Mke nimemwambia iko kwa fundi, mkanda umekatika. Akasema asubuhi mkanda ulikuwa mzima. Nikamjibu kuwa mkanda ukitaka kukatika haupigi hodi.

Ana mapazia ya hoteli ya kushona. Nitakuwa tajiri kabla hajafika kwenye pindo.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ana mashine. Naandika huku nacheka. Kitu rahisi cha kutupa, mpini umefungwa utepe wa umeme, kinajua neno moja: pii. Msumari, pii. Sarafu, pii. Mfuniko wa sufuria, pii. Kama mtu mwenye kwikwi msibani.

Kesho tunaanza kuchimba uwanja wa zamani wa mpira. Vizazi vya washangiliaji vimedondosha chenji pale, na wiki ijayo unamwagiwa zege. Mlinzi ameturuhusu, ili mradi tufukie mashimo.

Kazini nina likizo hadi Jumatatu, lakini nimevaa viatu vyangu vya karakana, vile vyenye chuma kwenye vidole. Mwindaji kamili. Shemeji kaja na kandambili! Nimemhurumia.

Jumatano, 6 Machi
Themanini! Hatua ya kwanza tu, themanini! Nimechimba hadi magotini. Udongo. Nimechimba hadi kiunoni, na kiuno changu siku hizi si rahisi kukiingiza shimoni. Udongo. Nikampigia Bingwa simu. Akasema vitu vya thamani hukaa chini sana. Mtaalamu huyo.

Shemeji hana kioo wala hedifoni. Kazunguka nyuma ya goli, anakodai ndiko washangiliaji walikorukaruka, akaokota kiganja kizima cha sarafu za zamani. Bahati ya mwenye kwikwi. Akapita kando ya shimo langu akauliza, “Shem, maji tuanze kuchota lini?” Nilikuwa nahangaika kutoka.

Alhamisi, 7 Machi
Ajabu kubwa. Nikienda kulia, themanini. Kushoto, themanini. Nikirudi kinyumenyume, themanini. Uwanja mzima ni fedha tupu, au hazina imenipenda inanifuata. Nimeacha mashimo mengi hadi mlinzi kauliza kama tunatarajia maiti.

Shemeji kachuchumaa, kaitazama miguu yangu kwa muda, akasema nijaribu kuvua viatu. Wivu huo! Anataka nikanyage msumari ili abaki peke yake.

Nyumbani nimemkuta mke anashona mapazia kwa mkono. Vidole amevifunga vitambaa. Roho iliniuma kidogo. Akauliza ni fundi gani. Nikasema yule wa kule. Akauliza kule wapi. Nikaenda kuoga.

Ijumaa, 8 Machi
Siku mbaya. Mke kapita kwa mafundi wote, hakuna aliyeiona cherehani yake. Akaja moja kwa moja uwanjani. Shemeji, msaliti, kaeleza kila kitu kabla hajaulizwa mara ya pili.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaninyang'anya mashine, kavaa hedifoni juu ya kilemba, kavua ndala, akaanza kutembea pekupeku. Mashine kimya. Kapita kwenye themanini zangu zote: kimya! Karibu na kibendera cha kona ikalia, akakwaruza udongo kwa kidole, ikatoka sarafu nyeupe, nzuri, ya fedha.

Kisha akaja akaishusha mashine juu ya kiatu changu. Ikapiga yowe. Themanini.

Akasema, “Hazina yako hii hapa, baba watoto. Wiki nzima unaizungusha uwanjani.”

Shemeji alicheka mpaka akatumbukia kwenye shimo langu. Hilo angalau lilinifariji.

Mke kaichukua mashine hadi dukani. Bingwa kaanza kumweleza masharti ya rehani. Hakufika mwisho wa sentensi.

Jumamosi, 9 Machi
Cherehani imerudi, inanguruma tangu alfajiri. Mapazia yatawahi. Mke haongei nami, anaongea na uzi. Shemeji kaja kunywa chai na kutazama miguu yangu.

Wacheke. Mimi nimekaa nikafikiri, kazi ambayo ukoo ule haujawahi kuijaribu. Mashine haidanganyi. Themanini ni fedha. Imewekwa juu ya kiatu, imesema themanini. Sasa nani hapa hajui hesabu?

Nimekipasua cha kushoto kwa kisu cha jikoni. Kipo! Kipande kizima, kizito, cheusi cheusi. Fedha ikikaa sana gizani hufanya hivyo.

Na pale karakana, chumba cha kubadilishia nguo, kuna rafu nzima ya viatu kama hivi. Wenzangu wanavivaa kila siku, hawajui wanakanyaga nini. Jumatatu nitawahi kuliko wote. Nitabeba gunia.

Shemeji asijue.