Silinda, Silanga na Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika Kakuma kutoka Lodwar na sanduku la spana, mke wangu Akaale, na mpango. Mpango mzuri. Mipango yangu huwa mizuri sana siku ya kwanza.

Hali ni hii. Nje ya mji, kwa baba mkwe mzee Lokorio, kuna eskaveta inayochimba silanga ya kukinga maji ya mvua. Shimo limefika nusu. Sasa silinda inayoinua mkono wa mashine inavuja, na mkono unashuka wenyewe polepole kama mzee anayesinzia. Fundi wa mkandarasi yuko Eldoret, anasema atakuja mwezi ujao. Mvua je, itamsubiri? Ikipita shimo likiwa nusu, mbuzi watahamishwa tena kwenda mbali. Mwaka jana walihamishwa, wengi hawakurudi. Kwa sasa watu na mifugo wote wanategemea pampu moja ya mkono.

Nitaitengeneza mimi. Sababu ninaiandika hapa tu. Tangu nimuoe Akaale, mzee hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita "yule wa Akaale." Mbuzi wake anawajua kila mmoja kwa jina! Mimi Shadrack, fundi wa Lodwar nzima, ni yule wa Akaale.

Dereva wa mashine, Ekeno, aliuliza kama si afadhali amwite Bol, fundi wa Sudan Kusini mwenye karakana pale Kakuma. Nikamwambia Bol amesafiri Nadapal, kule mpakani. Uongo mdogo. Hauna hata miguu ya kufika Nadapal.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua silinda. Ole wangu.

Ekeno aliniambia niteremshe mkono mpaka chini, nizime injini, halafu nichezeshe vishikio mpaka presha iishe ndani. Nikamwambia mimi si mtoto. Nikalegeza bomba.

Mafuta yaliruka! Mimi nilipata kidogo. Mzee Lokorio alikuwa amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda chake cha mbao, akitazama. Yeye alipata mengi. Unyoya wa mbuni kwenye kofia yake ulilala kando kama majani ya kitunguu. Alinyanyuka, akasogeza ekicholong hatua chache, akakaa tena. Kisha akasema jambo kwa Kiturkana. Nilimwomba Akaale anitafsirie. Akakataa.

Hata hivyo tuliitoa. Vijana sita, kamba na magogo. Kifuniko kilikataa mpaka nikakifunga mnyororo na kukizungusha kwa bomba refu. Fimbo ya chuma ikatoka inang'aa. Nikaangalia ndani. Chuma chote kile, uzito wote ule, na kinachozuia mafuta ni vipete laini vya mpira, vile wanavyoita sili. Kikichoka kimoja tu, mashine nzima inainama. Nilifikiria jambo hilo muda mrefu. Nilifikiria ndoa pia. Halafu Akaale akauliza ni nani amemwaga mafuta kwenye kanga yake.

Alhamisi, 13 Machi

Sili mpya zimefika kutoka Kitale. Basi lilichelewa kwenye kizuizi cha barabarani Kainuk, lakini zimefika. Seti moja tu.

Kila fundi anajua: kipete kikubwa cha pistoni hulainishwa kwanza ndani ya maji ya moto, kidogo tu, ndipo kikubali kuvutwa juu ya pistoni. Nikaweka zote kwenye sufuria ya Akaale. Zote, kwa kuokoa kuni.

Hapo akatokea Bol! Mrefu, shati limepigwa pasi, sauti ya kuhubiri bila spika. Akasalimia watu wote ejok, akapokea chai, kisha akauliza ni nani anayemsafirisha Nadapal bila nauli. Nikasema nilisikia hivyo. Akauliza nilisikia kwa nani. Nikasema kwa watu. Akataka kujua watu gani, maana yeye anawajua watu wote wa Kakuma, na nusu ya gari zao amezifufua yeye. Tukabishana. Tukabishana sana. Akanihesabia silinda zote alizotengeneza tangu Juba.

Tuliposikia harufu, maji yalikuwa yamekauka. Vipete vimejikunja kama tambi. Bol alichungulia sufuria, akacheka mpaka akamwaga chai, akaondoka.

Ugali wa jioni ulinuka mpira.

Jumamosi, 15 Machi

Siwezi kukaa kivulini watu wakinitazama. Kwa hiyo tangu juzi nabeba maji. Pampu iko mbali na zizi, jua ni kali, mitungi miwili kwa mzega, narudi, naenda tena. Mabega yamechubuka. Akaale ananisaidia na hanilaumu, jambo linaloniumiza zaidi. Mzee anasimama kwenye birika la mbuzi akinielekeza. Shadrack, mwaga hapa. Shadrack, huyu mwenye pembe moja anywe kwanza. Namwaga. Simsikilizi vizuri, kichwa changu kiko kwenye silinda.

Na kwenye pampu ndiko nilikopata wazo! Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu alisema pampu za zamani zilikuwa na vipete vya ngozi ndani. Ngozi! Nani ana ngozi nyingi kuliko Waturkana? Mama mkwe akanipa ngozi ya mbuzi. Nikakata vipete, nikavipaka mafuta ya mbuzi vilainike, nikavitundika kwenye mti wa miiba.

Mbwa wa mzee wamevila. Wamebakiza kimoja.

Nikakifunga hicho kimoja, tukairudisha silinda. Ekeno akawasha. Mkono ukapanda! Wanawake wakapiga vigelegele! Mimi nikainua mikono kama niliyechaguliwa mbunge. Kisha mkono ukaanza kushuka, taratibu, kwa adabu, ukalala juu ya sanduku langu la spana.

Nilikaa chini mchangani. Niliona aibu, nikaona huruma pia, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima na wale mbuzi walikuwa wananitazama.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeenda mwenyewe Kakuma kumwomba Bol. Ilibidi. Nilimwambia mbuzi watakufa. Hakunitania hata kidogo. Alisema huko kwao aliwahi kuona ng'ombe wakifa kwa kiu, akachukua begi.

Lakini kufika tu, mdomo wake ukafunguka! Ameosha kila kitu kwa dizeli huku akijisifu. Akanionyesha kwamba sili ina mdomo, na mdomo lazima uangalie kule mafuta yanakotoka. Kipete changu kilikuwa kimeyapa mafuta mgongo, na tena kilinuka kama mchuzi. Akatoa sili zake, akazilainisha, akazivuta, akafunga. Sufuria ilikuwa ya kwake.

Mkono ukapanda, ukakaa. Tukanywa chai, bado umekaa. Mzee akasema Bol, karibu tena. Bol! Kwa jina! Siku ya kwanza ya kazi! Nikaenda kubeba maji.

Jumanne, 25 Machi

Ekeno alimaliza kuchimba, na mvua imenyesha. Silanga imejaa, maji mekundu hadi ukingoni. Mbuzi waliteremka wote pamoja wakainamisha vichwa, pakawa kimya kabisa, sauti ya kunywa tu. Nililia kidogo. Akaale pia.

Bol alipewa chai kwa kikombe kikubwa. Mimi mzee alinipa mbuzi jike, mweupe, masikio ya kahawia. Akasema maneno, safari hii Akaale akatafsiri: chuma hutengenezwa na fundi yeyote, lakini maji ya saa sita mchana hubebwa na mtoto wa nyumbani.

Nimelitafakari sana jambo hili. Ni mbuzi wa kunifuta machozi. Kikombe cha Bol kilikuwa kikubwa mno.

Jumapili, 30 Machi

Akaale anasema mzee ananiita kwa jina tangu siku za mitungi, ni mimi tu sisikii. Ananifariji. Wanawake wana huruma.

Mimi nimeamua. Silanga ni ya mbuzi, lakini watu bado wanakunywa ya pampu, na pampu ile inapigwa mara nyingi kabla ya kutoa maji. Kosa langu lilikuwa moja tu: ngozi niliiweka kwenye mashine isiyo yake. Leo alfajiri, kabla watu hawajaamka, nimeifungua pampu yote. Nimekata kipete kipya cha ngozi, mdomo wake unaangalia kule kunakotoka maji. Nimejifunza!

Nimeshaifunga tena. Haitoi maji. Mkononi kimebaki chuma kimoja ambacho sijui kinakaa wapi.

Naandika haraka. Wanawake wanakuja na mitungi, na mbele yao anakuja mzee Lokorio. Amefika kwenye pampu. Ameivuta mara mbili. Sasa ameinua fimbo na anakuja huku mbio, na anaita kwa sauti ya kusikika mpaka Lodwar.

Shadrack! Shadrack!

Kwa jina! Nilijua tu ufundi wangu utafika.