Wilbert Mfunga-Koki na Vita vya Tangi la Temeke

Kaeni kitako, enyi wa Temeke na enyi wa Kinondoni, na anayetafuna muhogo autue chini, maana habari hii haisikilizwi kwa mdomo uliojaa. Naleta kisa cha Wilbert, simba wa ubao, jabali la chaki, mwalimu wa darasa la sita enzi za Ujamaa, aliyeinua mikono yake miwili mbele ya halaiki na kufunga koki ya maji.

Naam, koki. Msicheke bado.

Siku hiyo Afisa Elimu alikuja kusikiliza somo la kutunza maji, na Wilbert, ambaye roho yake ilikwisha kukalia kiti cha mwalimu mkuu, alitaka somo la kutikisa wilaya nzima. Akatunga hila wasiyoijua majemadari wa kale: aliifungulia koki ya tangi la shule, maji yakabubujika mchangani, ili watoto wauone ubadhirifu kwa macho yao, kisha hotuba itakapofika kileleni, aifunge mwenyewe huku akishangiliwa. Tangi lile watoto walilijaza alfajiri kwa ndoo za kichwani kutoka kisimani, nalo ndilo la kupikia maharage yao ya mchana. Shujaa hakulitia hilo maanani, kwa kuwa mashujaa hawapiki.

Akatangulia Ustadhi Mwinshehe, mwalimu wa dini wa watoto wa Kiislamu. "Wanangu, israfu ni haramu! Hata ukitawadha kando ya mto, usimwage zaidi ya haja yako!" Akaueleza mto, akazieleza kingo za mto, akawaeleza na wapita njia. Katekista Alfonsi, asiyekubali Wakristo washindwe mbele ya serikali, akaanzia kwa Adamu aliyewekwa bustanini ailime na kuitunza, wala hakuwa na haraka ya kumtoa humo. Maji yakazidi kumwagika katikati ya dini mbili.

Ndipo akatokea Mwanaasha, mpishi, mwiko mkononi na moshi machoni.

"Mwalimu, maharage yananiungulia mie! Nipishe nikinge ndoo moja tu, watoto wapate kula!"

Wilbert akageuka taratibu, kama anayepigwa picha. "Ewe mama wa masufuria! Hii leo si koki, bali ni zana ya kufundishia! Atakayeigusa kabla ya saa yake, amelipiga teke taifa zima na elimu yake ya kujitegemea!"

"Haya, na hiyo zana ndiyo watakayokula?"

Akasonya, akawaita Tabu na Somoe kutoka mstari wa nyuma, wakabeba ndoo kurudi kisimani. Wilbert aliwaona wakiondoka, na moyo ukamuuma: hadhira yake inapungua.

Sasa akanguruma mwenyewe. "Enyi wana wa jamhuri! Kila tone ni amana ya kizazi kijacho!" Na alipotamka kizazi kijacho, tone la mwisho likaanguka, tangi likanyamaza. Shujaa akainama, akaiona koki kavu. Akamtupia jicho Afisa Elimu. Afisa alikuwa anajipepea. Basi Wilbert akaishika koki kwa mikono miwili, akakunja uso, akainyonga kana kwamba ananyonga chatu.

"Tazameni!" akapaza sauti. "Halitoki hata tone!"

Na kweli halikutoka. Afisa Elimu akasimama, akapiga makofi, na papo hapo akamtamkia ukuu wa shule. Iwekeni katika historia ya nchi, enyi waandishi: Temeke koki ilifungwa, ikafungika!

Maharage yaliungua, watoto wakaenda nyumbani na njaa. Tabu na Somoe waliporudi na ndoo vichwani, mwalimu mkuu mpya aliwasimamisha, akachota kikombe akanywa, maana hotuba ilimkausha koo. Kisha akawachapa viboko, kwa kosa la kutoroka somo la maji.