Kigari, Punda na Umri Wangu

Jumatatu, 6 Mei

Nyonga mpya haina shukrani. Nimeikanda, nimeisemesha, bado inataka kupumzika kila kona. Mwezi wa tatu huu nipo kwa binti yangu, nchi ya watu, kwenye kiti cha dirishani. Mimi! Niliyeendesha lori na tela kwenye milima yenye ukungu! Sasa naendesha rimoti.

Chini mlangoni kuna kigari cha umeme, mali ya jengo, kwa wakazi wenye miguu mibovu. Magurudumu matatu, kikapu mbele, honi. Kina kiti cha dereva, na nyuma yake kakiti ka abiria kanakotazama tulikotoka. Wenye miguu mibovu tuko wawili: mimi na mzee wa ghorofa ya chini, ambaye hufunga tai hata akienda kutupa takataka. Mzee Tai. Kila asubuhi hukichukua, hukipeleka bustanini, hukiegesha kando ya benchi, kisha hukaa kwenye benchi! Kigari kinapigwa jua bure. Roho inaniuma.

Jumamosi mjukuu wangu anaigiza shuleni kwao. Yeye ndiye punda. Nimemwahidi nitakuwepo, tena nitafika nikiendesha mwenyewe. Wazazi wake wote wako zamu. Teksi huishia getini, na kutoka pale hadi ukumbini ni ngazi tupu. Njia ya mteremko ipo, ila ni ya vigari. Binti kaniulizia kwa mama msimamizi wa jengo. Jumamosi mchana kigari kimeshaombwa. Na nani? Hata siandiki.

Jumanne, 7 Mei

Habari njema. Binti anasema sheria ya jengo ni kwamba wawili wakikitaka kigari wakati mmoja, hupewa aliye mkubwa kwa umri. Nchi ina adabu hii! Tatizo ni kwamba Mzee Tai ana sabini na sita. Mimi sabini na moja.

Hapo nikakumbuka. Lugha ya hapa najua salamu, asante, na namba hadi mia, alizonifundisha mjukuu tukicheza karata. Namba ziko nyingi. Nani kasema lazima nitumie ile ile?

Binti alipoenda kazini nikashuka na lifti. Nikapinda mgongo. Nikatetemesha mkono kidogo, si sana, nisije nikaitiwa daktari. Nikajigonga kifua mbele ya mama msimamizi, nikamtajia: themanini na nne. Hakuomba kitambulisho. Mvi zilijisemea. Akanishika bega kwa huruma na kunikabidhi ufunguo, hadi Jumapili.

Jumatano, 8 Mei

Nimeendesha! Kasi ni ya mbuzi aliyeshiba, lakini usukani ni usukani. Nimezunguka jengo zima. Nimewapigia njiwa honi. Nimewasalimu wote wa duka la dawa, hata ambao hawakutaka.

Na heshima imepanda. Jirani wa mkabala kaniletea supu, kaponda kila kitu ndani yake nisihangaike kutafuna. Mzee Tai nilimkuta bustanini. Alikuwa amekuja kwa miguu, na fimbo, pole pole. Aliponiona akainuka, akainamisha kichwa, akanipisha kwenye benchi. Nikaona haya. Zikapita. Benchi lina kivuli kizuri.

Jioni binti kajua. Mama msimamizi alimpongeza kwa kunitunza vyema nikafika umri huu. Akampigia mama yake simu papo hapo. Mke wangu alikuwa na swali moja tu: kama nina themanini na nne, basi nilimwoa nikiwa na thelathini na nane, na baba yake nilimwambia ishirini na tano. Akasema marehemu angejua anamtoa mwanawe kwa mzee, mahari ingekuwa mara mbili. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Binti anataka niseme ukweli. Nimesema nitausema Jumapili. Ukweli hauozi.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa! Mama msimamizi kapanda mwenyewe hadi kwetu. Binti akatafsiri, taratibu, kama anayeonja neno moja moja: bima ya kigari hairuhusu mtu aliyepita themanini kukiendesha. Kupakiwa, ruksa. Kuendesha, marufuku. Mkono ukanyooshwa. Ufunguo ukaenda.

Nikasema sabini na tisa. Akacheka. Basi nikatoa ukweli wenyewe, sabini na moja, kwa sauti, mara mbili. Mama msimamizi akamtazama binti kwa masikitiko. Akasema baba yake naye alianza hivi hivi, kupotezapoteza miaka.

Pasi yangu ya kusafiria iko kwa watu wa vibali. Shahidi amebaki binti. Nikamwambia amweleze huyu mama! Binti akainamisha macho, mpole kama maji mtungini. Akaniambia mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtoto hamwiti baba yake mwongo mbele za watu. Leo atanivunjiaje heshima mbele ya mgeni? Mkwe wangu alikuwa akiosha vyombo. Akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Nilimlea vizuri mno yule mtoto.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango mpya: miguu yangu mwenyewe na fimbo. Leo majaribio. Nimefika duka la dawa, nyonga ikagoma. Nikakaa kwenye kizingiti cha duka kama kifurushi kilichosahauliwa. Wateja wakanivuka. Nikawaza kesho, mjukuu anachungulia ukumbini, ananitafuta kila kiti, hanioni. Machozi yakanilenga. Si vumbi, vumbi hapa hakuna.

Honi! Mzee Tai huyo, juu ya kigari, tai imenyooka. Akakung'uta kakiti ka nyuma kwa kiganja chake. Nikapanda, ningefanyaje? Miaka yote barabarani nilikuwa na utingo wangu. Leo utingo ni mimi!

Mlangoni akanionyesha vidole viwili, yaani saa nane yetu, akataja Jumamosi na jina la shule, maneno niliyoyasikia nyumbani wiki nzima, akakung'uta kakiti tena. Nimemnyang'anya kigari, naye ananipakia. Nilisema asante mpaka lifti ikafunga mlango.

Jumamosi, 11 Mei

Safari nzima nimeiona kinyumenyume. Sikujua tunakwenda wapi, nilijua tu tulikotoka. Kwenye kona nilimpigia kelele kwamba kulia ni salama, neno alilonifundisha mjukuu asubuhi, kumbe kulia kwangu ni kushoto kwake. Tumepanda kidogo kwenye maua ya watu. Mteremko wa shule tumeupanda salama.

Mlangoni Mzee Tai akamnong'oneza mwalimu. Themanini na nne nikaisikia, hiyo naijua. Tukawekwa mstari wa mbele kabisa!

Punda akaingia. Kichwa cha punda kikasema maneno yake, na sauti haikuwa ya mjukuu wangu. Mzee Tai akanipiga kiwiko, akajigonga kifua. Mjukuu wake! Nikatazama miguu ya nyuma. Viatu vyekundu. Nilivinunua mimi. Mjukuu wangu ni matako ya punda!

Kisha matako yakarusha teke. Mfalme akaanguka kitini, jambo ambalo nahisi halikupangwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nimepiga makofi hadi fimbo ikaniponyoka. Sijawahi kufurahi hivi tangu nifike nchi hii.

Wakati wa kurudi mjukuu alitembea kando ya kakiti kangu, amenishika mkono. Nikamuuliza mbona hakuniambia kwamba ni wa nyuma. Akajibu kwamba niliuliza anaigiza nini, na punda ni punda. Halafu akaniuliza mbona na mimi sikuja nikiendesha mwenyewe. Damu nzito kuliko maji.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya ukweli. Nimevaa shati safi, nimeshuka hadi kwa mama msimamizi kukiri. Jumapili hafanyi kazi. Nilijaribu, Mungu ni shahidi.

Haina neno. Mzee Tai na mimi tumeelewana: yeye dereva, mimi utingo, kila asubuhi hadi benchini. Leo tumekaa kivulini muda mrefu, na hakuna aliyekosa kitu. Supu ya jirani inaendelea kuja.

Ila leo Mzee Tai amenipitisha kwenye bwawa la mazoezi ya nyonga, nikachukua karatasi ya tangazo lake, na binti kanisomea. Asubuhi, maji yakiwa ya moto, ni zamu ya walio chini ya miaka sitini na tano. Wazee ni jioni, maji yameshapoa. Yaani baridi ndiyo wanawawekea wazee! Mlangoni hawaombi kitambulisho, wanauliza tu.

Kesho nakwenda asubuhi. Nimenyoa ndevu, nimekopa kofia ya mkwe. Nimesimama mbele ya kioo na mjukuu, tumefanya mazoezi ya sitini na mbili. Anasema naitamka kama mwenyeji.