Noti Yenye Sikio

Habari hii ni ya kweli tangu unyayo hadi utosini, haki ya Mungu, na anayetaka kiapo alete Biblia, tena ile kubwa ya madhabahuni. Ukionja chumvi humu ndani, ujue imedondoka kutoka kwa samaki wa Lumino waliopitishwa njiani. Msimulizi hakutia hata punje.

Ulikuwa mwaka ule pesa zilipochanganyikiwa. Uganda ilikuwa imetoa noti zake, Kenya nayo zake, na zile kuukuu za Afrika Mashariki zilikuwa bado hazijakubali kufa. Pale Busia mtu alinunua ndizi kwa pesa moja, akarudishiwa chenji kwa pesa nyingine, kisha akagombana na muuzaji juu ya pesa ya tatu. Watu walizipekua noti kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Na penye watu wasio na hakika, ndugu msomaji, hapo ndipo mjanja hutandika mkeka.

Mjanja mwenyewe aliitwa Patroba. Kazi yake, ile aliyoweza kumtajia katekista, ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli kutoka kizuizi cha Kenya hadi kizuizi cha Uganda, maana kati ya vizuizi hivyo palikuwa na mwendo wa kumfanya mwenye mzigo ajute kuzaliwa. Baiskeli aliiita Dume, kwa kuwa bibi yake, Loice, alimuuza fahali wake wa pekee ili inunuliwe. Kila asubuhi ajuza huyo alitoka nje, akapapasa tandiko, akauliza kama ng'ombe wake amelala salama. Patroba angeweza kupoteza viatu, jina jema na hata meno ya mbele. Kumpoteza Dume, hapana. Angemwambia nini bibi?

Basi siku moja alimbeba Wilkister, muuza samaki, mwanamke aliyezoea kubishania nauli mpaka tairi litoe pumzi. Siku hiyo alilipa bila neno, tena akamwambia abaki na chenji. Patroba nusura aanguke akiwa amesimama. Mwanamke mwenye furaha hahitaji kuhojiwa sana: alieleza mwenyewe kwamba kule Tororo kuna mzungu, injinia wa mitambo, anayekusanya noti zilizokosewa kiwandani. Yeye Wilkister alikuwa na noti ya shilingi ishirini ambayo upande mmoja haikupigwa nambari. Soko zima lilikuwa limeikataa. Mzungu akampa mia tatu, na asante juu.

"Akakushukuru yeye?" Patroba akauliza.

"Na chai akanipa. Na mkate wa siagi. Mimi nilidhani ananitania."

Usiku ule usingizi ulimhama Patroba. Kiwanda kikikosea, watu wanakilipa! Na yeye aliyekuwa akikosea tangu utotoni bila malipo?

Alichukua noti mbili mpya za Uganda, za ishirini ishirini, akajifungia chumbani na limau, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na ufutio wa mtoto wa shule. Ya kwanza aliisugua nambari. Wino ulitoka, ila alipopapasa nyuma ya noti akagundua kwamba nambari hukandamizwa na mtambo, hata karatasi ikabaki na vijipele. Akaipiga pasi ya makaa mpaka vijipele vikanyamaza. Ya pili aliipunguza kwa wembe upande mmoja, picha ikaegemea pembeni kama mlevi kwenye ukuta. Akaipima, akaona imepungua upana. Hapo akajifunza jambo lililomvimbisha kichwa: wembe hupunguza tu. Noti iliyozidi karatasi, basi hiyo imekosewa na kiwanda chenyewe, maana hakuna binadamu awezaye kuotesha karatasi. Tangu siku hiyo alijiona profesa.

Kumpelekea injinia mali hiyo asingethubutu, kwa kuwa injinia alikuwa na lenzi. Alimhitaji mtu mwenye tamaa, azinunue akidhani atamuuzia injinia, na mtu huyo alijulikana pande zote mbili za mpaka. Mangeni, muuza vipuri vya baiskeli upande wa Uganda, alikuwa na tumbo la hakimu na mkono wa kupe. Wakati mwingine aliuza hata kutu.

Walikutana kwa Mama Teopista, mwenye kilabu cha malwa, ile pombe ya ulezi, jua likiwa bado juu. Chungu kilikuwa katikati, mirija mirefu mdomoni, na Teopista akiongeza maji ya moto. Kilabu chake kilikuwa na sheria moja tu, nayo ilitokana na ugomvi mwingi uliokwisha kumvunjia vyungu: mali iliyopita juu ya chungu mbele ya wanywaji hairudi. Patroba aliipenda sheria hiyo kuliko amri zote kumi. Alimwomba Teopista aitaje kwa sauti kabla hawajaanza, na Teopista akaitaja.

Kisha Patroba akafungua maneno. Alieleza injinia, chai, mkate wa siagi. Alieleza kwamba yeye mwenyewe angekwenda Tororo, ila ana jipu mahali asipoweza kupataja mbele ya kina mama. Mangeni alizishika noti zile mbili, akaziinua kwenye mwanga, akazileta puani, akakohoa.

"Hii iko muzuri, ssebo," alisema, akimwita bwana kwa Kiganda. "Wataka ngapi?"

"Kwa wewe, mzee wangu, mia nne zote mbili. Mwingine ningemwambia mia tano."

Mangeni akaguna, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bunda lililofungwa kwa mpira wa tairi. Akaanza kuhesabu kwa kulamba kidole. Katikati akakuta noti moja ya ishirini, akasonya, akaitupa kando juu ya mkeka. Benki itaikataa hii, alilalamika. Hajui ni nani aliyempa takataka hiyo.

Patroba akaitupia jicho, na moyo ukamruka kama chura. Kwenye pembe ya noti palikuwa na kipande cha karatasi nyeupe kilichozidi, kimetokeza nje kama sikio la mbuzi. Karatasi imezidi! Si kazi ya wembe. Kama isiyo na nambari ni mia tatu, yenye sikio je? Elfu? Papo hapo aliona duka lake, bati linang'aa, na Dume amepumzika kivulini.

"Hiyo mbovu nipe mimi," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti. "Nitampelekea bibi achezee."

Mangeni alikuwa keshaona yale macho. Akaiokota, akaitazama upya. Akasema kumbe noti hii ni ya mke wake, na mke wake anaipenda. Labda ni bahati ya nyumba. Patroba akamwambia basi apunguze mia mbili. Mangeni akatikisa kichwa. Patroba akamwambia abaki na mia nne zote, achukue na zile noti mbili. Mangeni akavuta malwa taratibu, akasema mke wake ni mkali, labda angetulia kama angepata baiskeli ya kwendea kanisani.

Patroba alimtazama Dume aliyeegemea ukuta. Akamwona bibi. Kisha akalitazama sikio.

"Chukua," akasema.

Noti mbili na ufunguo wa kufuli la baiskeli vikapita juu ya chungu kwenda kwa Mangeni, na noti yenye sikio ikapita kuja kwa Patroba. Teopista alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kesho yake Patroba alipanda basi hadi Tororo. Injinia alimpokea barazani, akaiweka noti mezani chini ya lenzi, akaitazama kwa muda mfupi unaovunja moyo. Akamwita mpishi alete kitambaa chenye maji. Kwa Kiswahili chake cha kiwandani alieleza kwamba karatasi ikijikunja mtamboni, sikio hubaki kuwa mwili mmoja na noti, na mkunjo ukinyooshwa huacha mstari mweupe katikati ya picha. Hapa mstari uko wapi? Akagusisha kitambaa. Sikio likalegea, likateleza, likaanguka mezani.

"Muhogo," injinia alisema, akinusa kidole. "Uji ya muhogo. Pole sana."

Safari hii hakukuwa na chai.

Patroba alirudi Busia na kwenda moja kwa moja dukani kwa Mangeni, akimtaka airudishe baiskeli kabla hajaita askari. Mangeni akamkaribisha kigoda, kwa heshima zote.

"Ita, ndugu yangu. Tutaenda wote. Wewe utaeleza ya muhogo, mimi nitaeleza ya limau. Noti yako ilinuka kachumbari tangu mlangoni."

Patroba akasimama, akakaa, akasimama tena, akatoka. Uji, alikuja kusikia baadaye, aliukoroga Teopista mwenyewe kwa shauri la Mangeni, siku moja kabla ya kukutana kilabuni, maana Patroba alikuwa ametangaza noti zake nusu ya mji.

Alipofika kizuizini, mtu akampigia kengele. Alikuwa Obbo, kijana wa Mukuju, amekalia Dume, ameajiriwa na Mangeni asubuhi ile.

"Panda, kaka. Senti hamsini mpaka Kenya."

Mfukoni Patroba alikuwa na noti moja tu, ile iliyopoteza sikio. Akaitoa. Obbo akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, akasimamisha kidole kwenye pembe, pale penye alama ya gundi.

"Hii ilichezewa," akasema. "Naipokea kwa kumi."

Patroba akaapa kwamba ni ishirini halali, ya benki, nambari zote zipo, hakuna aliyeisugua wala kuikata. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kila neno alilolisema juu ya pesa lilikuwa kweli.

"Wote husema hivyo," Obbo akajibu, akasubiri.

Patroba akaipokea chenji ya shilingi tisa na senti hamsini, akapanda nyuma.