Kidonda cha Fundi Viatu

Jumatatu, 2 Machi
Kliniki ya kisukari leo. Nesi ametangaza kwamba Ijumaa tutachagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha wagonjwa, mtu anayeishi vizuri na ugonjwa wake, awe mfano kwa wenzake. Wote wakageuka kumtazama Kinyozi. Wote! Kibanda chake kinatazamana na changu. Kisukari chake ni cha zamani kuliko changu, na bado anapiga mluzi akinyoa watu. Analala vizuri, anacheka na kila apitaye. Inaudhi. Mwenyekiti nitakuwa mimi.

Jumanne, 3 Machi
Mpango umeanza. Nimejishonea viatu vya mazoezi, vyeupe pe. Fundi viatu akanunue dukani? Aibu! Ngozi haikutosha, nikavibana kidogo. Nimekimbia mbele ya dirisha la Nesi, nikapunga mkono, nikakata kona, nikakaa chini. Nilipopata pumzi nikazunguka tena. Nesi kanisifu mbele ya watu. Kinyozi naye kanisifu. Mnafiki! Eti kesho tukimbie pamoja. Nimemwambia mimi nikikimbia hupenda kutafakari.

Alhamisi, 5 Machi
Mke wangu ameniuliza mbona soksi ina damu. Nimesema ni rangi ya kiatu. Akauliza, kiatu cheupe? Mwanamke huyu angefaa upelelezi. Ni kweli, kidole gumba kina kidonda, lakini hakiumi hata chembe. Kisichouma si ugonjwa. Tena wateja wakisikia fundi kaumizwa na kiatu chake mwenyewe, nimekwisha. Nimefunga kitambaa, nimenyamaza.

Ijumaa, 6 Machi
Siku ya uchaguzi. Nimeingia kwa madaha kama bwana harusi. Nikahutubia kwamba siri ya kuishi na kisukari ni kujitegemea, kutomsumbua mtu. Kinyozi, aliyekaa mbele, hakuwa akisikiliza. Alikuwa ananusa. Kisha akainama kutazama mguu wangu.

“Ndugu yangu, vua hicho kiatu.”

Nikamwambia aache wivu.

“Vua, nakwambia! Kaka yangu alianza hivi hivi, leo anatembelea magongo.”

Akapiga magoti, akanivua mwenyewe, ukumbi mzima ukitazama. Nesi alipokiona kidole akaagiza kiti cha magurudumu. Nilitamani anigombeze tu. Kumbe hata homa ninayo. Nimelazwa. Daktari anasema huenda wakakikata kidole. Mke wangu kalia. Alipotoka, nami nimelia kidogo. Kinyozi amechaguliwa bila hata kuwapo ukumbini. Alikuwa akisukuma kiti changu cha magurudumu.

Jumanne, 17 Machi
Kidole kimeponea chupuchupu! Niko nyumbani, mguu juu ya mto. Kinyozi anakuja kila jioni akishafunga kibanda. Ananinyoa, ananimwagia umbea wote wa mtaani. Sasa kikundi kizima kimehamia sebuleni kwetu. Mama Muuza Mkaa, mwenye kisukari na shinikizo la damu pia, ameigiza jinsi daktari anavyotukaripia. Nimecheka hadi mbavu zikaniuma. Nikalala fofofo. Mke wangu anasema siku hizi hata sinuni. Nesi naye kaona sukari imeshuka vizuri, akaniuliza nimebadilisha nini. Nimemwambia ni dawa tu, na uvumilivu wangu mkubwa.

Jumamosi, 28 Machi
Balaa! Kidonda kimefunga. Nesi ameruhusu nirudi kazini, watu wakanipigia makofi. Makofi ya nini? Hawaoni hatari? Watu huja kumjulia hali mgonjwa. Mzima nani amtembelee? Kinyozi kasema atazidi kuja, mgonjwa au mzima, eti amezoea. Maneno ya kisiasa hayo, ndivyo walivyo wenyeviti. Sidanganyiki. Nimekata shauri: sitapona mpaka Juni.

Mchana nimefanya mazoezi ya kuchechemea mbele ya kioo. Nimechechemea kwa ustadi hadi nikajionea huruma, chozi likanilengalenga. Kugeuka, mke wangu huyo mlangoni, kashika kiuno. Ameniuliza mbona nachechemea kwa mguu wa pili, ule mzima.

Nimemjibu kwamba maumivu yamehamia huko.